Zizi la Kioo

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kwa shughuli za ofisi, na nikiwa nasubiri kuitwa kwenye ukumbi wa jengo moja pale mjini, nikakuta tangi la samaki. Tangi kubwa, lina taa ya buluu kwa juu na kimashine kinachotoa mapovu. Ndani walikuwamo samaki wa rangi ya chungwa, wote sura moja, kama wanafunzi waliovalishwa sare. Kijana wa mapokezi aliponiona nimeinama hapo muda mrefu, akanielimisha kwa upole kwamba samaki hao wameletwa kutoka Dar, na kwamba samaki wa huku kwetu hawafugiki namna hiyo, ukiwachanganya wanaulana. Nikamwambia wanakaa vizuri tu, wa aina hata nne, mimi nimewahi kuwakalisha. Akatabasamu lile tabasamu la kumstahi mtu mzima, halafu mimi nikaitwa ndani. Sikupata nafasi ya kumweleza, na hadi leo linaniwasha. Basi ngoja nikueleze wewe.

Baba yangu alikuwa fundi vioo. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yetu, na kazi zake zilikuwa madirisha, fremu za picha za harusi na makabati ya maduka. Nimekua nikisikia kikatio chake kikipita juu ya kioo, ule mlio mwembamba unaosisimua meno, kisha kimya kidogo, kisha kioo kinakatika kwa pigo moja la kidole. Msimu wa pamba malori yalipita mbele ya kibanda yakiacha nyuzi nyeupe kwenye ua wa minyaa, na mimi nilitumwa kuzipangusa kwenye vioo kabla wateja hawajafika. Mikono ya baba ilijaa makovu madogo madogo. Alikuwa akisema fundi vioo asiye na kovu hajaanza kazi.

Tangi letu lilitokana na oda iliyoharibika. Mtu mmoja aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni alimwagiza baba tangi la samaki la kuweka mapokezi. Baba hakuwahi kutengeneza kitu kama hicho, lakini unamjua fundi, hasemi hajui. Akakata kioo kinene cha milimita kumi, akakiunganisha kwa silikoni, na siku ya kulijaribu likavuja likalowanisha sebule nzima pamoja na madaftari yangu. Akabandua, akaanza upya. Lilipokamilika lilikuwa na urefu wa kitanda cha mtoto, safi, halivuji hata tone, na mwenye oda akawa ameshahama mji. Baba akaliweka sebuleni, likachukua nafasi ya makochi mawili, na hapo ndipo vita vya nyumbani kwetu vilipoanza.

Mama hakuwa mkorofi, naomba nimtetee mapema. Alikuwa na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, na kiangazi cha Bariadi maji ni ya kupanga foleni kwa madumu. Kuona ndoo kumi zikimiminwa ndani ya kioo ili samaki waogelee, wakati mchicha wake unasinyaa, kulimuuma. Tena ng'ambo ya barabara alikuwako mwenye duka, mzee mwenye asili ya Kondoa, ambaye sambusa zake zilijulikana mpaka Nyalikungu, ila alikuwa akiziweka kwenye beseni lililofunikwa chandarua kwa ajili ya nzi. Alilitamani tangi letu tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiingia, anasalimu kwa adabu, anazunguka kioo pande zote na kusema, "Fundi, hili ukiligeuza hivi ukaliwekea mlango, ni kabati la sambusa kamili."

Baba alikataa kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemwomba tuweke samaki, nikiwa darasa la tano, baada ya mwalimu wetu wa sayansi kutuambia tuchore samaki tunaowajua na darasa zima likachora samaki mmoja, aliyekaangwa. Niliona haya kwa niaba ya mkoa mzima. Baba alicheka alipoyasikia, akasema basi mtawaona wakiwa hai.

Samaki wetu waliletwa na mama wa samaki, mchuuzi aliyekuwa akienda ziwani kule Lamadi na kurudi na mabeseni yake. Tulimpa ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, akawa anatuletea wazima. Alianza na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, na mmoja wao alikuwa dume mwenye mgongo wa buluu na ubavu mwekundu kama kaa la moto. Wakafuata perege wa kutoka malambo ya kunyweshea ng'ombe, halafu gogogo, samaki mwenye ndevu na miba, ambaye ukimshika anakoroma mkononi. Majirani waliokuwa wakitucheka wakaanza kuja kuchungulia dirishani. Nilikuwa nawaeleza yupi ni yupi kama mwongozaji wa watalii wa Serengeti.

Kazi zote za tangi zilikuwa zangu. Maji ya bomba yalilala kwenye ndoo siku nzima bila mfuniko, ili dawa yake iishe nguvu, maana ndoo ya kwanza tuliyoimimina moja kwa moja iliwalevya samaki wote. Mashine ya hewa hatukuwa nayo. Asubuhi kabla ya shule nilipanda kigoda, nachota maji ya tangi kwa jagi, nayamimina kutoka juu yapate hewa, mara hamsini, na jioni tena hivyo hivyo. Chakula chao kilikuwa pumba, vumbi la dagaa, na masika kumbikumbi. Maji machafu niliyatoa kwa mpira na kuyamwaga kwenye mchicha wa mama, na hapo, bila kutarajia, nikapata mtetezi. Mchicha ule ulinawiri hadi majirani wakauliza mama ametumia mbolea gani, na mama akawa anajibu ni siri ya nyumba hii.

Kisha baba akafanya kosa ambalo nadhani ni Msukuma tu angelifanya. Mama wa samaki alituletea kambare mdogo, urefu wa kidole, akaonya kwamba huyu akikua ni mla wenzake. Baba, ambaye alichunga ng'ombe mpaka alipoingia darasa la kwanza akiwa mkubwa, akasema hapana, ndama waliokulia zizi moja hawachomani pembe. Akiwazoea tangu utoto atawaona ndugu. Tukamtia. Miezi mitatu kambare alikuwa mpole, analala chini kwenye mchanga, na baba alikuwa akimwonyesha kila mteja kama ushahidi. Kisha furu wakaanza kupungua. Jana saba, leo sita, wala hakuna mzoga. Baba alimtilia shaka paka wa jirani, hata mimi nilimtilia shaka, mpaka nilipotoka shule siku moja nikamkuta kambare ametulia katikati ya tangi na mkia wa perege ukiwa bado nje ya mdomo wake.

Tulimla na ugali wa mtama. Baba alikataa kugusa kwa siku ile, akisema hali ndugu wa nyumbani, lakini mimi nilikula vipande viwili na sikujuta.

Ulipoondoka msiba wa kambare ukabaki wa pili, nao ulikuwa mgumu zaidi. Yule furu mwekundu, ambaye mimi nilimwita Mwenyekiti, alikuwa amejimilikisha kona yenye mawe na kuanzia hapo nusu nzima ya tangi. Kila tulipoongeza samaki mpya kufidia walioliwa, kesho yake tunamkuta mapezi yamechanika, kesho kutwa anaelea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu ikawa mgeni njoo, mgeni afe. Mwenye duka alikuwa akiitikisa kofia yake akisema mafahali wawili hawakai zizi moja, fundi, na kioo chako kinapotea bure. Baba akachoka. Jioni moja, mwenye duka akiwapo na mama akiwapo, akatamka kwamba mama wa samaki ataleta ndoo moja ya mwisho, na akifa hata samaki mmoja kabla ya Idi, tangi linavuka barabara. Wakashikana mikono. Baba yangu hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa neno alilolipeania mkono, na mimi nilikwenda kulia kwenye mchicha.

Wiki hiyo hiyo bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Mwandoya kutibiwa jicho. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, moja limeziba kabisa na jingine linaona kwa taabu. Alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Tangu babu afariki, zizi lilikuwa chini yake, na wanaume wa ukoo walikuwa wakimjia kuuliza ndama yupi abaki na dume lipi liuzwe. Nilipiga goti nikamwamkia mwangaluka, akaniitikia, akanipapasa uso, halafu akauliza ni kitu gani kinang'aa pale ukutani. Nikamwambia ni samaki. Akashangaa kuwa mwanawe ana akili timamu na anafuga mboga.

Lakini hakukuwa na kitu kingine cha kumfurahisha mtu asiyeona vizuri katika nyumba ile. Akawa anavuta kigoda, analeta lile jicho lenye nafuu karibu kabisa na kioo, pua inagusa, na kukaa hapo asubuhi nzima. Baada ya siku mbili akaanza kuuliza maswali. Nani aliingia wa kwanza? Yupi analala wapi? Yule mwekundu, akishafukuza, anarudi wapi? Nilimjibu yote, maana hayo ndiyo niliyokuwa nayajua kuliko mtu yeyote Bariadi. Nikamweleza pia habari ya tangi kuvuka barabara. Bibi akatafuna taratibu michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha akaita.

"Ng'wanawane, mwanangu, huyo mwekundu ndiye nzagamba, dume la zizi. Kosa si lake. Zizi ni lake, ninyi mnamletea wageni nyumbani kwake."

Nikamuuliza tufanyeje.

"Ng'ombe wa kununua hatumwingizi kwenye zizi la zamani, watamtoboa. Tunasubiri siku ya kuhamisha zizi. Pale pote ni pageni. Hakuna wa kusema hapa ni kwangu."

Nikaelewa papo hapo, na sijawahi kuelewa kitu kwa haraka namna ile tena, hata chuoni. Kwa Wasukuma zizi huhamishwa, tope likizidi au ardhi ikichoka. Miti inang'olewa, inasimikwa pengine, na jioni hiyo ng'ombe wote wanaingia wakinusa kila kitu upya. Bibi alisema siku hiyo hata dume hulala likiwa na adabu. Akaongeza kwamba wageni watangulie kuingia, wenyeji wafuate, na dume liingie mwisho kabisa, tena likute chakula kimeshamwagwa ili kila mmoja ashughulike na tumbo lake.

Baba alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na kioo mkononi. Nilitegemea acheke. Akaweka kioo chini.

Mama wa samaki alileta ndoo ya mwisho Jumapili asubuhi: perege wawili, furu madume wawili na gogogo mmoja. Mama alitoa beseni lake la kuoshea vyombo bila kuombwa, nikamwona anavyojikaza. Tukawatoa wenyeji wote, Mwenyekiti akinirukia vidole. Tukatoa mawe, tukavuruga mchanga, kona yenye mawe tukaifanya uwanja na uwanja tukaufanya vichaka vya majani ya majini niliyokuwa nimeyachuma lamboni. Mawe tukayagawa malundo matatu yasiyoonana. Bibi alikaa kwenye kigoda akiuliza kila hatua tumefanya nini, na mara mbili alituamuru turudie. Kisha nikawaingiza wageni. Nikawaacha wazunguke. Nikawaingiza wenyeji. Nikamwaga kumbikumbi waliokaushwa, ndipo nikamtia Mwenyekiti.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kona yake. Hakuikuta. Akazunguka tangi zima, akagonga kioo, akarudi, akasimama katikati ya maji kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa bahati mbaya. Mmoja wa wale madume wageni alikuwa tayari kwenye lundo la kushoto. Mwenyekiti akamfuata, wakatanuliana mapezi, mgeni akamtanulia pia, kisha kila mmoja akaona kumbikumbi. Alipomaliza kula alichagua lundo la kulia, dogo kuliko lile la zamani, akaingia. Nikamsimulia bibi yote hayo kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Alitikisa kichwa tu, akasema amekubali.

Mwenye duka alikuja alasiri baada ya swala, na mfukoni alikuwa na futikamba. Akapima urefu wa tangi, akapima na kina chake, ili ajue sinia gani zitaingia. Sikumchukia, alikuwa mtu mwema na aliwahi kunipa sambusa za bure siku nyingi, lakini siku ile nilisimama mbele ya tangi mikono kiunoni hadi akamaliza. Kesho yake hakufa samaki. Wiki ikapita, hakufa samaki. Bibi akafanyiwa upasuaji wa jicho, akarudi na bandeji, na kila asubuhi kabla ya salamu alikuwa akiuliza, "Zizi ni mhola?" Nami nikamjibu mhola, ni salama.

Zilipobaki wiki mbili Idi ifike, perege jike akaacha kula. Mashavu yamevimba, amejificha nyuma ya mawe, mdomo ameufumba kama mtu mwenye jino bovu. Siku ya tatu hajala. Siku ya saba hajala. Nilijua mpaka namna tangi litakavyobebwa, watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Mwenye duka alitazama akasema kwa huruma ya kweli huyo ni mgonjwa, mtoeni mapema asiwaambukize wengine. Baba akaniangalia. Nikaomba asubiri. Bibi, jicho lake likiwa limefunguliwa siku ileile, akasogea kwenye kioo, safari hii hakuhitaji kugusisha pua, akatazama weee, kisha akasema ng'ombe mgonjwa analegea masikio, huyu mbona anafukuza wenzie? Ana kitu anakilinda, mwacheni.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili, niko juu ya kigoda na jagi langu, perege yule akatoka nyuma ya mawe akafumbua mdomo. Vikatoka vitu kama ukungu. Nikadhani anatapika. Kisha ule ukungu ukawa na macho, vijimacho vyeusi vingi ajabu, na vikaanza kuogelea. Mwenyekiti akasogea, na jike akamkabili hadi akarudi lundoni, halafu akafumbua mdomo tena na watoto wote wakakimbilia ndani. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja. Mama alikuja na mwiko. Baba akapiga magoti mbele ya tangi aliloliunda mwenyewe, na nikamwona anafuta macho kwa kiganja kilichojaa makovu.

Habari ikapita Bariadi. Mwalimu wa sayansi alileta darasa zima, wakapanga mstari kuanzia kibandani, na mimi ndiye niliyefundisha siku ile, perege, furu, gogogo, dume na jike, kwa nini mawe malundo matatu. Nilivimba kichwa, sikatai. Mwenye duka naye akaja, akatazama muda mrefu, akamwambia baba kwamba Mungu ameshalijaza, yeye hawezi kuwatoa watoto wa mtu zikakae sambusa. Akaagiza kabati jipya. Baba alimtengenezea zuri kuliko tangi, na Idi ile tulikula sambusa mpaka tukachoka.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, tangi lilikuwa na samaki wa aina nne, maana mama wa samaki alitupatia ningu baadaye, naye tulimwingiza kwa kuhamisha zizi. Kabla sijaondoka baba aliniita kibandani. Bibi alikuwa amerudi Mwandoya na jicho moja zima, na alikuwa ametuma ujumbe kwamba nyumba yake ina dirisha la mbao. Akilifunga kwa vumbi la kiangazi haoni ng'ombe wake, na akilifungua anakula vumbi. Baba akasema tangi ni langu, yeye hakati bila neno langu. Nikamwambia akate. Samaki tukawapeleka kwenye bwawa lililochimbwa shuleni, na baba akabandua silikoni taratibu kwa wembe, asiharibu kingo.

Kile kioo cha mbele kilikwenda Mwandoya kimefungwa kwenye magodoro, na mimi nilikwenda nacho. Alama ya maji haikutoka, baba aliisugua kwa siki na majivu ikakataa, mstari mweupe uliokatiza kioo kuanzia upande huu hadi ule. Bibi hakutaka kifutwe tena. Alikuwa akiketi ndani akiangalia zizi lake kupitia chini ya mstari ule, na kila mgeni aliyeingia, awe mwanawe, awe mwenyekiti wa kijiji, alimwelekeza dirishani kabla ya kumpa kiti.

Bibi hayupo siku hizi. Ng'ombe waligawanywa, zizi limekuwa shamba la pamba, na ile nyumba ya tofali mbichi ilianguka na mvua za masika, dirisha likiwa humo humo. Lambo nililokuwa nikichuma majani limejaa mchanga na nyumba zimejengwa mpaka ukingoni. Furu mwekundu kama yule nimemtafuta Lamadi mara mbili, wachuuzi hata hawajui ninayemsema. Lakini yale maneno ya bibi niliyasikia kwa masikio yangu, siku ya kwanza dirisha lilipowekwa, akimwambia jirani aliyekuja kushangaa kioo: "Humo walikaa samaki wa kila namna, hawakuuana. Aliyewahamishia zizi ni mjukuu wangu, huyu hapa."